Balagha na Nyama ya Kulungu

Mwaka ule nilipoamua kuufundisha mji wetu kusema, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, shahada mbili, na koti la kodrai lenye viraka viwikoni, viraka nilivyovinunua vikiwa vimeshashonwa. Nayataja haya mwenyewe ili asitokee mwingine wa kuyataja. Jina langu Leland Tervo. Nafundisha Kiingereza katika sekondari ya Otter Falls, kaskazini kabisa mwa Michigan, na kwa miaka ishirini na mitatu hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniomba niufundishe mji kusema.

Chanzo kilikuwa hotuba ya mahafali. Mwanafunzi bora wa mwaka ule, Marit Lahti, alipanda jukwaani mbele ya watu mia nne, akasema: "Asanteni wazazi. Asanteni walimu. Keki iko kantini." Akashuka. Nilimpima kwa saa yangu: sekunde tisa. Watu walishangilia, maana mbu wa Juni walikuwa wameshaanza kazi yao. Mimi peke yangu nilibaki nimeshika kichwa. Binti yule nilimfundisha mimi, miaka mitatu mfululizo.

Lakini sikujilaumu. Mtu wa shahada mbili hajilaumu haraka hivyo. Nililaumu mji. Mababu zetu walitoka Finland kuja kuchimba shaba, wakaja na ukimya wao kwenye masanduku, na sisi wajukuu hatujaumaliza mpaka leo. Nikajiambia: kinachokosekana hapa ni somo. Somo jipya, la kuchagua, litakalofundishwa na mtu anayejua kusema. Nikatazama kushoto na kulia, nikamwona mtu mmoja tu anayefaa.

Somo jipya katika wilaya yetu halizaliwi hivihivi. Kuna fomu ya kurasa kumi na nne. Ukiijaza inakwenda kwa mkuu wa shule, kisha kwenye kamati ya mitaala, kisha kitabu utakachotumia kinawekwa mezani ofisi ya wilaya siku thelathini ili wananchi wakikague, kisha bodi ya elimu inalisikia somo lako mara mbili, miezi miwili tofauti. Ukikosa kupita kabla ya Februari, orodha ya masomo imeshachapwa, rudi mwakani.

Nilianza kuijaza fomu ile mwezi Juni, nikamaliza Septemba. Nikalipa somo jina: Balagha, Uraia na Utu katika Karne Mpya.

Mke wangu Joyce, ambaye anafanya kazi posta na amezoea kusoma anwani zilizoandikwa vibaya, aliinua miwani yake. "Balagha ndiyo nini?"

"Sanaa ya kusema vizuri."

"Sasa si useme hivyo?"

"Joyce, hii ni hati rasmi."

"Haya, mheshimiwa," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Kitabu changu kilipokaa siku zake thelathini ofisi ya wilaya, nilikwenda kuangalia daftari la wakaguzi. Kulikuwa na saini moja tu, ya Bibi Aune Rautio, aliyenifundisha darasa la sita na ambaye sasa ana miaka themanini na minne. Kitabu hakuwa amekigusa. Alikuwa amesahihisha fomu yangu, iliyolazwa kando yake, kwa wino mwekundu. Ukurasa wa tatu, pembeni ya sentensi niliyoipenda kuliko zote, aliandika: "Leland, pumzi."

Kabla ya hapo, kwa mkuu wa shule nilikuwa nimepita, kwa kuwa yeye husaini kila kitu kabla ya chakula cha mchana. Kwenye kamati ya mitaala ndipo nilipoambiwa kwamba mwaka ule kuna nafasi ya kipindi kimoja tu kwa somo jipya, na maombi ni mawili.

"La pili ni la nani?" nikauliza.

"La Bernadine," akasema Darlene Fitch, afisa mitaala wa wilaya. "Kama atajaza fomu. Nimemrudishia mara mbili. Kwenye malengo ya kujifunza ameandika neno moja."

"Neno gani?"

"Nyama."

Niliangua kicheko mpaka Darlene akanitazama.

Bernadine Kangas ni mwalimu wa mapishi. Mwanamke mfupi, mikono minene, mjane wa fundi wa mgodini. Huku kwetu tarehe kumi na tano Novemba, siku msimu wa kulungu unapofunguliwa, shule inafungwa kabisa, maana hata tukifungua hatutampata mwanafunzi wala dereva wa basi. Kila nyumba ina friza, na kila friza ina kulungu. Lakini Bernadine aligundua kwamba watoto wanajua kupiga risasi tu. Mnyama akishaanguka wanampeleka kwa mchinjaji, na nusu ya nyama inaharibika nyuma ya gari kwa kutojua. Basi akataka somo la kumchuna, kumkata, kumhifadhi na kumpika. Aliliita: Kutoka Porini Hadi Mezani.

Alinifuata chumba cha walimu siku ya Alhamisi. "Leland, wewe una maneno. Mimi sina. Nisaidie hiyo fomu."

Mtu mwenye akili angeuliza: huyu si mpinzani wangu? Mimi nilijisikia kama chifu aliyeletewa zawadi. "Bila shaka, Bernadine," nikasema, nikirekebisha kola. "Sisi sote ni wafanyakazi wenza."

Tulikaa jikoni kwake, yaani darasani kwake, baada ya masomo. Alinikatia kipande cha mkate wetu wa wachimba migodi, ule unaofungiwa nyama na viazi na figili ndani, wa moto. Yeye alikuwa akifuta meza na kusema, mimi nikichapa.

"Lengo la kwanza la kujifunza," nikasoma.

"Mtoto ajue kisu kinaingia wapi na kwa nini hakiingii kwingine."

"La pili?"

"Ajue nyama iliyoharibika kwa pua yake kabla haijafika tumboni mwake."

"Namna ya kupima maendeleo ya mwanafunzi?"

"Nitakula alichopika."

Hapa sasa ndipo penye aibu yangu, na ninaisimulia kwa sababu wengine wote wanaoijua wameshaisimulia. Ningeweza kuyapamba maneno yake. Kazi hiyo ndiyo niliyoisomea. Ningeandika kwamba mwanafunzi atabainisha, atachambua, atatathmini. Sikuandika. Kadiri alivyosema ndivyo nilivyochapa, neno kwa neno, nikiwaza: bodi ikisoma haya, halafu ikasoma yangu, itaona tofauti ya mwalimu na mwalimu. Fomu yake ikatoka kurasa mbili. Sikumdanganya hata kwa herufi moja, ndivyo nilivyojifariji, huku nikiongezewa kipande cha pili cha mkate.

"Umemaliza?" akauliza. "Mbona upesi?"

"Umesema vizuri," nikamwambia. Na nikatabasamu.

Desemba bodi ilisoma vichwa vya maombi tu, hakuna aliyeuliza kitu. Kikao cha kuamua kilikuwa Jumatatu ya pili ya Januari, saa kumi na mbili jioni, kwenye maktaba ya shule. Kwa kawaida vikao hivyo huhudhuriwa na wajumbe watano na mtu mmoja mwenye malalamiko ya basi. Jioni ile walikuja kama watu sitini. Niliamini wamevutwa na balagha. Baadaye niligundua kwamba karibu wote walikuwa wawindaji.

Mwenyekiti wa bodi ni Wendell Aho, mzee aliyeendesha greda la kusafisha theluji barabarani miaka thelathini na nane. Kila mtoa maombi hupewa dakika tatu, na yeye huzipima kwa saa ya jikoni yenye umbo la kuku. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika kumi na moja, nikiamini kwamba wakishanisikia watasahau kuku.

Nilianza na Wagiriki wa kale. Nilipanda taratibu, kama inavyopasa, nikaweka swali lisilohitaji jibu, nikanyamaza kidogo ili liwaingie. Katika ule ukimya mtu wa nyuma alipenga kamasi. Nikaendelea. Kuku alipolia nilikuwa bado Athene.

"Muda, mwalimu," akasema Wendell kwa upole.

"Naomba nihitimishe."

"Uko mbali na nyumbani?"

Watu wakacheka. Nikahitimisha kwa kukusanya karatasi zangu, nyingine zikaanguka, nikaziokota nikiwa nimewapa bodi ya elimu mgongo, au tuseme sehemu iliyo chini ya mgongo.

"Nina swali moja tu," Wendell akasema nilipoinuka. "Siku ya kwanza, watoto wakishaingia wakaketi. Wanafanya nini?"

Swali lilikuwa jepesi. Hata sasa nikiwa bafuni hulijibu vizuri sana. Lakini pale mbele, kinywa changu, chombo changu cha kazi, kilikauka. Nikatazama fomu yangu. Kurasa kumi na nne, na hapakuwa na mahali mtoto alipofanya kitu chochote.

"Wanajenga," nikasema, "uelewa wa awali wa muktadha."

"Kwa mikono, au kwa nini?"

"Kwa... kwa ushiriki."

"Haya," akasema Wendell, akaandika kitu kifupi. "Asante, mwalimu. Kaa."

Nilikaa karibu na Joyce. Alinipa pipi ya mnanaa, kama anavyowapa watoto waliochomwa sindano.

Bernadine alisimama akiwa na aproni. Alisahau kuivua. Hakutoa hotuba. Alisema, "Mmesoma fomu. Yaliyomo ndiyo hayo. Ulizeni."

Mjumbe mmoja, mama mwenye watoto wawili shuleni kwetu, akauliza kwa wasiwasi, "Visu je, Bernadine? Visu darasani?"

"Vinane. Vinahesabiwa vikitoka, vinahesabiwa vikirudi. Kikikosekana hata kimoja, hatoki mtu, hata mimi. Iko ukurasa wa pili."

"Na mtoto asiyekula nyama?"

"Atajifunza friza. Friza haina ubaguzi."

"Siku ya kwanza wanafanya nini?" akauliza Wendell.

"Wananawa mikono. Nusu yao hawajui."

Maktaba ikacheka, lakini kicheko kile hakikuwa kama kile changu. Wendell akaishika fomu yake, zile kurasa mbili, akaipunga. "Niko kwenye bodi hii mwaka wa kumi na tisa," akasema. "Hii ndiyo fomu ya kwanza niliyoielewa kwa kusoma mara moja. Nilimsomea mke wangu. Akauliza kama watu wazima wanaruhusiwa kujiandikisha."

Nikajisikia joto kuanzia shingoni. Nilidhani huo ndio mwisho wa adhabu. Bernadine akageuka, akaninyooshea kidole mbele ya wawindaji sitini.

"Asifiwe Leland," akasema. "Aliandika yeye. Mpinzani wangu, na bado alikaa na mimi alasiri nzima. Wala hakuongeza neno lake hata moja."

Walinipigia makofi. Watu waliochoka na Wagiriki wangu dakika kumi zilizopita walisimama, wakanipigia makofi, na mmoja akanipiga begani akisema, "Kumbe unajua, bwana!" Sijawahi kushangiliwa vile tangu kuzaliwa. Sikustahili hata kofi moja, labda lile la shavuni.

Kura: somo la Bernadine, watano kwa sifuri. Somo langu liahirishwe mpaka lieleweke, watano kwa sifuri. Bodi yetu haikuwahi kuwa na umoja kama jioni ile.

Nilimkuta Bernadine nje, ndani ya gari lake la mizigo, injini ikinguruma ili ipate joto. Theluji ilikuwa inaanguka nyembamba. Nikagonga kioo, akakishusha kidogo.

"Bernadine, nina jambo. Ile fomu yako." Kwa mara ya pili jioni ileile maneno yalinikimbia, lakini safari hii nikayakimbiza. "Sikuipamba kwa makusudi. Nilitaka ionekane duni. Ili yangu ipite."

Akafungua mlango wa abiria. "Ingia, utaganda."

Nikaingia.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Ulikuwa unatabasamu kama paka aliyeona maziwa. Nikasema moyoni, huyu ana lake jambo. Nikaisoma fomu nyumbani mara tatu nitafute ulipoficha mwiba. Sikuuona. Nikaona ni maneno yangu tu, yamepangwa vizuri, nukta mahali pake. Nikasema basi, apate tabasamu lake, mimi nimepata fomu."

"Ulinisifu mbele ya watu wote."

"Nilikusifu, ndiyo."

"Kwa nini?"

Akawasha vifuta kioo. "Kwanza, ungenipambia ningekufa pale mbele. Wendell angeniuliza nimesema nini, nisingejua. Pili," na hapa akacheka, kicheko cha tumboni kilichotikisa gari, "nilitaka nione sura yako."

Nilimwomba radhi. Akasema amesamehe, ila nitamletea kuni mkokoteni mmoja, za mti mgumu, zilizopasuliwa. Nilizileta Jumamosi. Akazihesabu.

Septemba somo lake likaanza na wanafunzi ishirini na wanne, wengine sita wakisubiri. Novemba akaniita. Watoto walitakiwa kuwaeleza wazazi kazi yao siku ya maonyesho, na yeye, kama alivyosema, hajui kufundisha watu kusema. Nilivaa koti langu la kodrai, nikaandaa utangulizi. Alinivua koti mlangoni, akanivika aproni.

"Kwanza shika kisu," akasema. "Huwezi kuwaambia waseme nini juu ya kitu ambacho hujakigusa."

Wakaniweka meza moja na Signe Wuori, binti ambaye nilimfundisha mwaka mzima na ninaapa sikuwahi kuisikia sauti yake, hata siku aliyovunjika kidole darasani kwangu. Nikaanza kukata paja la kulungu.

"Mwalimu, hapana," akasema.

"Samahani?"

"Unakata vibaya. Angalia nyuzi za nyama zinavyolala. Ukizifuata itakuwa ngumu kama mkanda. Geuza. Hapana, geuza nyama, usijigeuze wewe." Akaninyang'anya paja. Akaanza kueleza: huu ni mshipa, huu unatolewa hivi, hili tando jeupe usiliache maana linatia harufu, baba yake huliacha na ndiyo maana kwao wanakula na haradali nyingi. Alisema bila kupumua. Sentensi zake zilikuwa na mwanzo na mwisho. Alitumia mfano, akatumia kejeli, akarudia jambo kubwa mara mbili. Mambo hayo yote nilikuwa nimeyaandika kwenye fomu yangu, ukurasa wa tano mpaka wa tisa, kwa majina yao ya Kigiriki.

Nilisimama pale na damu ya kulungu mkononi, nikijaribu kukumbuka kama katika miaka ishirini na mitatu nimewahi kumuuliza mtoto yeyote jambo analolijua yeye na mimi silijui. Nilikumbuka mara moja. Nilikuwa nauliza choo kiko wapi, siku yangu ya kwanza kazini.

Siku ya maonyesho Signe aliwaeleza wazazi kwa dakika sita. Baba yake alisikiliza ile habari ya tando jeupe mbele ya majirani wote, akatazama viatu vyake.

Majira yale ya baridi niliandika fomu upya, kurasa mbili na nusu. Niliwaondoa Wagiriki wote, ila mmoja, kwa ukaidi. Nikaliita somo Kusema Mbele za Watu. Nikaeleza kwamba kila mtoto atakuja na kitu anachokijua kwa mikono yake, atatueleza, na sisi tutamuuliza maswali mpaka tuelewe. Bibi Aune Rautio alikwenda tena ofisi ya wilaya, akasaini daftari, akaacha alama moja tu nyekundu, juu ya yule Mgiriki.

Bodi ikalipitisha, watatu kwa wawili. Sikupigiwa makofi.

Tatizo likawa wanafunzi. Ili somo lifunguliwe lazima wajiandikishe kumi na wawili. Walijiandikisha kumi na mmoja. Nilikwenda kwa Darlene Fitch, nikasema kwa ushawishi wangu wote, nikitumia kila nilichojifunza tangu chuo, kwamba kumi na mmoja ni karibu sana na kumi na wawili.

"Ni karibu," akakubali. "Rudi mwakani."

Mwaka huu wamejiandikisha kumi na wanne. Nilifurahi mpaka nikamwambia Joyce tule nje. Siku ya pili ya masomo watatu kati yao walinifuata mezani, wakaniambia kwa haya kwamba walikosea kisanduku kwenye fomu ya kuchagua masomo. Walitaka kuchomelea vyuma.

"Mtahama?" nikauliza.

Mmoja akahama wiki ileile. Wawili wamebaki, na Jumanne iliyopita mmoja wao alileta darasani mnyororo wa tairi la theluji, akautupa juu ya meza yangu kwa kishindo, akaanza kutueleza jinsi baba yake anavyoufunga vibaya. Kengele ililia akiwa bado hajamaliza. Hakuna aliyeinuka, na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, naandika swali la kumuuliza.